Mkulima asiingie yadi ya magari bila daftari

Msimu wa mauzo ukifika, iwe ni korosho kule Mtwara na Lindi, tumbaku Tabora au mpunga Mbarali, jambo moja hujirudia kila mwaka. Fedha zikishaingia mkononi, baadhi ya wakulima na wafanyabiashara wadogo hufunga safari kwenda mjini kununua gari dogo. Si jambo baya. Gari humwondolea mkulima adha ya kusubiri basi alfajiri, humfikisha sokoni mapema na humwezesha kumwahisha mgonjwa hospitali usiku.

Ubaya uko kwenye namna gari hilo linavyonunuliwa. Mtu aliyebishana na mnunuzi wa mazao nusu siku kwa ajili ya Sh50 kwa kilo, akifika yadi hulipa mamilioni ndani ya saa moja kwa sababu ameambiwa gari ni namba mpya, rangi inang'aa na "maongezi yapo". Miezi sita baadaye gari limewekwa juu ya mawe, fedha za mbegu na mbolea zimekwisha, na shamba linalimwa nusu.

Tatizo hilo halitokani na ujinga. Mkulima anayejua kupanga ekari, kuhesabu magunia na kumsoma dalali wa mazao machoni si mjinga. Linatokana na kuingia kwenye biashara ya watu bila hesabu, mbele ya muuzaji ambaye kubishana bei ndiyo kazi yake ya kila siku. Dawa yake ni daftari, yaani kujua kazi ya gari, gharama yake halisi na bei yake kabla ya kukanyaga yadi.

Gari la kazi gani?

Swali la kwanza si "Vitz au IST?" Swali la kwanza ni gari litabeba nini, mara ngapi kwa wiki na kwenye barabara gani.

Mfanyabiashara wa duka la vipodozi mjini, anayepita lami kila siku akiwa na maboksi machache, anafaa kabisa kwa gari la injini ndogo kama Toyota Vitz ya cc 1,000 au Toyota Passo. Ni magari mepesi, yanageuka kirahisi sokoni na hayana tamaa ya mafuta. Vitz ilianza kutengenezwa mwaka 1999, na Passo ikafuata mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Toyota na Daihatsu.

Lakini mkulima wa nyanya anayetoka shambani na matenga manane, kwenye njia ya udongo yenye makorongo, akinunua gari hilohilo atakuwa analionea. Injini ya cc 1,000 yenye silinda tatu ikibebeshwa mzigo mlimani hulia mpaka huruma, shokapu na bushi huisha mapema, na sampo ya oili iliyo karibu na ardhi hugonga mawe. Huyo angefikiria Toyota Probox. Gari hilo lilitolewa mwaka 2002 likiwa limekusudiwa kazi tangu mwanzo. Kwa vipimo vya Japan, Probox hubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 viti vyote vikitumika. Haina urembo, na vijana huicheka kuwa ni gari la mkaa. Wacha wacheke, kwani gari la kazi hupimwa kwa mzigo linaofikisha sokoni.

Anayesafirisha mzigo tu, bila familia, hana hata sababu ya kununua gari la abiria. Suzuki Carry, ile inayojulikana mitaani kama kirikuu, itamfaa zaidi ya Vitz yoyote.

Katikati ya makundi hayo kuna Toyota IST, ambayo imekuwa kipenzi cha wengi. Toleo la kwanza, la mwaka 2002 hadi 2007, lina injini ya cc 1,300 au 1,500 na gia boksi ya kawaida ya gia nne. Lina nguvu kuliko Vitz ndogo na buti la kuridhisha. Kasoro yake ni kwamba umaarufu wenyewe umeingizwa kwenye bei, na mnunuzi hulipia jina pamoja na chuma.

Nje ya Toyota kuna Nissan March, Mazda Demio na Honda Fit. Haya si magari mabaya hata kidogo. Mara nyingi, kwa fedha ileile, mnunuzi hupata Demio au Fit ya mwaka wa karibu zaidi kuliko IST. Hapo ndipo mkulima wa mbali na mji anapotakiwa kuwa mwangalifu.

Vipuri na fundi wa karibu

Gari huharibika liliko. Linaloharibikia Kariakoo lina maduka mia ya vipuri mtaa wa pili. Linaloharibikia Tunduru au Mpanda linategemea kile alichonacho fundi wa pale na kile kinachoweza kuletwa na basi la kesho.

Toyota ina faida kubwa hapa, na si kwa sababu ya jina. Injini ya 1NZ ya cc 1,500 na mdogo wake 2NZ ya cc 1,300 zimefungwa kwenye Probox, IST, baadhi ya Vitz, Funcargo na Platz. Fundi aliyezoea moja amezizoea zote, na kipuri kilichotoka kwenye gari moja lililopata ajali huliokoa lingine. Injini hizo hutumia cheni, si mkanda wa taimingi kama Starlet za zamani, hivyo gharama ya kubadili mkanda huo kila baada ya kilomita kadhaa haipo.

Jambo la pili ni gia boksi. Honda Fit za kwanza, Passo za kuanzia mwaka 2010 na IST za cc 1,500 za toleo la pili hutumia gia boksi ya CVT, isiyokuwa na gia za hatua kwa hatua. Inabana mafuta vizuri, lakini inadai oili yake maalumu. Fundi asiyejua akimimina hydroliki ya kawaida ameiua. Mnunuzi anayeishi mahali ambapo oili hiyo haipatikani anunue gari la gia za kawaida, hata kama limezidi umri mwaka mmoja au miwili.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, mnunuzi aende kwa mafundi wawili wa wilayani kwake awaulize magari gani madogo wanayatengeneza kila wiki na vipuri wanavitoa wapi. Majibu hayo yana thamani kuliko maneno yote ya yadi.

Mafuta na umri

Tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa Tanzania na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta. Maana yake ni kwamba mwenye gari hulipa kadiri anavyotembea. Anayetembea sana na gari linalokunywa sana anaumia mara mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita na lingine kilomita 11. Mfanyabiashara anayetembea kilomita 200 kwa wiki atafikisha takriban kilomita 10,000 kwa mwaka. Kwa bei ya Sh3,000 kwa lita, iliyochukuliwa hapa kwa urahisi wa hesabu, gari la kwanza litamla Sh2 milioni na la pili zaidi ya Sh2.7 milioni. Tofauti ya Sh700,000 kwa mwaka inalipa mifuko kadhaa ya mbolea. Bei elekezi za EWURA hutangazwa kila mwezi, hivyo kila mtu anaweza kurudia hesabu hii kwa bei ya mwezi wake.

Kuhusu umri, wengi hupotoshwa na herufi za namba ya usajili. Gari la "namba E" huonekana jipya kuliko la "namba C". Ukweli ni kwamba herufi hizo zinaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Gari la mwaka 2005 lililoingia nchini juzi litabeba namba mpya kabisa. Herufi ina maana yake, kwa kuwa inaonyesha gari limekaa miaka mingapi kwenye barabara za hapa. Lakini haistahili kuongezewa mamilioni kabla ya kadi kusomwa na mwaka wa kutengenezwa kuthibitishwa. Mara nyingi hata lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa usalama huonyesha tarehe, na lebo hiyo ni ngumu kudanganya kuliko mdomo.

Bei ya yadi inatoka wapi?

Hapa ndipo mnunuzi wengi hupigwa, na hapa ndipo penye nguvu yake kubwa kama akijiandaa.

Japan huuza nje magari yake ya zamani kwa bei nafuu kwa sababu ya ukaguzi wao wa lazima. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake humfanya Mjapani aone heri kununua jingine. Gari huingia mnadani, hununuliwa na kupakiwa melini. Bei huzidi kupanda likifika Dar es Salaam, kwa sababu ya kodi.

Chukua mfano wa gari la cc 1,300 lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake kwa forodha, pamoja na nauli ya meli na bima, ni Sh5 milioni. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh1.25 milioni, na jumla inakuwa Sh6.25 milioni. Juu ya kiasi hicho unaongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ajili ya ukubwa wa injini, ambao ni Sh312,500, na asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, ambayo ni Sh1,875,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote hayo ni takriban Sh1.52 milioni. Kodi hizo zinafikia karibu Sh4.96 milioni, sawa na kununua gari lingine.

Injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ile asilimia 5, hivyo mwenye Vitz ndogo hupona takriban Sh370,000 kwa thamani hiyohiyo. Gari la chini ya miaka minane halitozwi ile asilimia 30, na hapo nafuu ni zaidi ya Sh2.2 milioni, ingawa gari lenyewe huwa ghali zaidi kule Japan. Kenya walichukua njia nyingine kwa kuzuia kabisa magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania imeruhusu, lakini imeweka bei ya ruhusa hiyo.

Hesabu hii haihitaji shahada. TRA ina kikokotoo cha thamani na kodi za magari yaliyotumika kwenye tovuti yake, ambacho kijana yeyote mwenye simu anaweza kumfungulia mzazi wake. Viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, hivyo kikokotoo ndicho cha kufuatwa.

Gari hilo la mfano, basi, limefika mkononi mwa mwenye yadi kwa takriban Sh10 milioni, kabla ya tozo ndogondogo, gharama za bandari, wakala na usajili. Akitaja Sh15 milioni, mnunuzi mwenye daftari anajua ni nafasi gani iliyopo ya kuzungumza. Vilevile, akitajiwa Sh8 milioni kwa gari lililoingia majuzi, asiruke kwa furaha. Gari linalouzwa chini ya gharama yake lina hadithi. Huenda lilipata ajali, lilizama kwenye mafuriko au lina nyaraka za mashaka.

Namna ya kubishana

Mwenye yadi si adui. Ana kodi ya eneo, mlinzi, na mtaji uliokwama kwenye kila gari lililosimama. Kwa sababu hiyohiyo, gari lililokaa muda mrefu, lenye vumbi na betri iliyolala, ndilo lenye bei laini. Gari lililoshushwa jana bado lina majivuno.

Mnunuzi apite yadi tatu au nne akiuliza gari la aina moja, mwaka mmoja na injini moja, na aandike kila bei. Siku hiyo asibebe fedha. Fedha mfukoni huwasha mtu, na muuzaji mzoefu huiona kwenye mwendo wa mteja tangu getini. Asiende na familia nzima pia, kwani mtoto akishapanda kiti cha mbele na kushangilia, mazungumzo yameisha.

Aende na fundi wake mwenyewe, na amlipe ujira wake asubuhi kabla ya kuondoka. Fundi asiyelipwa na mnunuzi hulipwa na muuzaji, na fundi wa namna hiyo hajawahi kuona gari bovu. Dalali naye, kama analipwa kwa asilimia ya bei, kila milioni inayoongezeka ni faida yake. Mnunuzi anayelazimika kutumia dalali amwekee kiasi maalumu, kisichopanda bei ikipanda.

Ukaguzi ufanyike injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeliwasha gari mapema kabla mteja hajafika anaweza kuwa anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu unaonyesha injini inakula oili. Kifuniko cha oili chenye utando kama chai ya maziwa kinaonyesha maji yameingia pasipotakiwa. Namba ya chesesi kwenye bodi isomwe na kulinganishwa na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Gari lijaribiwe kwenye barabara mbovu, redio ikiwa imezimwa, ili miguu yake isikike. Kama limetoka Japan karibuni, mnunuzi aombe karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 3.5 ni la kawaida kwa gari lililotumika, na daraja la R maana yake ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa.

Kila kasoro iandikwe na kupewa bei. Kusema "punguza bwana, hali ngumu" hakumgusi mtu, kwa kuwa kila mteja husema hivyo. Bali kusema "matairi mawili yamekwisha, betri imechoka, bushi za mbele zinagonga, na jumla yake kwa bei ya dukani ni hii" kunamlazimisha muuzaji ama apunguze ama atengeneze. Bei ikigoma kabisa, yaombwe mengine: matairi, huduma ya kwanza ya oili na plagi, au gharama za kuhamisha umiliki. Mara nyingi muuzaji asiyeweza kuachia shilingi huachia kitu.

Na mnunuzi awe tayari kuondoka. Aache namba ya simu na bei yake ya mwisho, aage kwa heshima. Magari hayaishi, na simu ya jioni kutoka yadi ni jambo la kawaida sana.

Mkopo wa yadi

Kinachowaumiza zaidi wenye kipato cha msimu ni gari la kulipa kidogokidogo. Gari la Sh12 milioni taslimu hutolewa kwa Sh6 milioni za mwanzo, kisha Sh700,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Linasikika jepesi. Lakini malipo hayo 12 ni Sh8.4 milioni, na jumla ni Sh14.4 milioni. Nyongeza ya Sh2.4 milioni juu ya deni la Sh6 milioni ni asilimia 40, wakati deni lenyewe linapungua kila mwezi.

Baya zaidi, mkulima hana mshahara wa mwezi. Machi na Aprili fedha ziko ardhini. Akikosa miezi miwili gari hurudishwa yadi, na kadi ilikuwa haijawahi kutoka huko. Anayelazimika kukopa apeleke kwanza hesabu hiyo benki au kwenye SACCOS yake alinganishe riba. Akibaki yadi, abishanie ratiba kabla ya bei: malipo yafuate mavuno, na mkataba useme wazi kitakachotokea akichelewa.

Mkataba huo, hata kwa fedha taslimu, uwe wa maandishi. Malipo yapitie benki kwenda kwa mtu au kampuni inayotajwa kwenye nyaraka, wala si kwa "kaka yake". Deni la faini za barabarani na uhalali wa bima viangaliwe kabla. Umiliki uhamishwe TRA mara moja, kwani gari lenye jina la mtu mwingine linaweza kukamatwa kwa deni la huyo mwingine.

Mwisho, daftari linaweza kutoa jibu ambalo mtu hakulitaka, kwamba mwaka huu asinunue gari. Kama mafuta, bima, matairi na fundi vinazidi nauli na kodi ya kukodi gari la mzigo kwa mwaka, pikipiki na akiba benki vinamtosha mpaka msimu ujao. Kwenye kilimo, gari linalokula fedha za mbegu ni ghali hata likipatikana kwa nusu bei.